Kiti cha Dada, Safari ya Lisbon

Mie sikusoma. Nasema mapema ili mtu akikuta sentensi imekaa upande asishangae. Niliishia darasa la tano, Temeke, na leo nina maduka mawili ya marumaru na nyumba Mbweni ambayo wageni wakiingia sebuleni huinamisha vichwa kutazama sakafu kabla hawajanitazama mimi. Nipe kipande chochote cha marumaru, nifunge macho, nikigonge kwa sarafu: nitakwambia kama fundi alikilaza sawasawa au aliacha uwazi chini. Wenye digrii zao hunipigia simu kuniuliza.

Kwa miaka mingi, nikiulizwa nilianzaje, nilikuwa na jibu moja. Nilikuwa nasema nilianza na mikono yangu hii miwili, hakuna mtu aliyenisaidia. Nimelisema kwenye harusi, nimelisema kwenye vikao vya wafanyabiashara, mara moja nimelisema redioni. Ni jibu zuri, linapigiwa makofi. Tatizo lake ni kwamba dada yangu yuko hai na anakumbuka kila kitu.

Dada anakaa Kipawa, nyumba ambayo ndege ikishuka unaweza kuhesabu matairi yake, na vikombe kabatini vinagongana. Amenizidi miaka kumi na moja. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na tangu siku hiyo aliyenifulia, aliyenichapa na aliyenilisha ni yeye. Anapika chapati za kusukuma barazani kwake, na anazigeuza kwa vidole juu ya chuma cha moto. Hatumii mwiko wala uma. Wateja wanamwita Mama Chapati, na wengi hawajui jina lake lingine. Ndege ikipita alikuwa hasemi kitu kingine, ni lile lile: "Ipo siku nitakuwa humo ndani, niwaone nyie mlivyo wadogo." Nami tangu utotoni nilikuwaga namjibu, "Nitakupandisha mie, dada."

Sasa, mwaka jana kampuni moja ya nje ninayochukua mzigo kwake ilitoa zawadi kwa wateja wake wakubwa wa Dar es Salaam. Safari ya siku nane Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwenda kuona marumaru za kale na viwanda vyao, kila mmoja na mtu wake wa pili. Hoteli, chakula, matembezi, vyote juu yao. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye orodha. Hilo naomba likumbukwe.

Mke wangu aliposikia ni nafasi mbili hakunipa hata muda wa kufikiri. "Mpeleke dada," alisema. "Ulimwahidi kabla hujanijua mie. Zamu yangu itafika."

Basi tukaenda kumtafutia dada pasipoti. Pale kwenye mashine ya alama za vidole tukakwama. Kidole cha kwanza hakisomi, cha pili hakisomi, gumba linasoma nusu. Kijana wa mashine akamfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta, akamfuta tena.

"Mama, hivi vidole umevifanya nini?"

"Vimepika chapati, mwanangu. Ungekuwa unakaa Kipawa ungevijua."

Watu kwenye foleni wakacheka, na yule kijana akacheka, akarudia mara nyingi mpaka mashine ikakubali. Pasipoti ikatoka. Dada akaifunga ndani ya kanga mpya na kuiweka chini ya godoro.

Baada ya wiki moja akaja dukani Temeke bila taarifa. Alikuwa na begi jipya la magurudumu, anataka kujua kama linafaa. Mimi nilikuwa ofisini na mwenzangu wa Kariakoo, mfanyabiashara wa marumaru kama mimi, mtu aliyesoma na anayejua Kiingereza vizuri, naye alikuwa kwenye orodha ya safari. Nilikuwa katikati ya lile jibu langu. Nimefika pale pa kusema hakuna mtu aliyenisaidia, nikasikia sauti mlangoni.

"Nani hakukusaidia?" Dada alikuwa anacheka, hakuwa na ubaya wowote. Akamgeukia yule mwenzangu. "Baba, huyu alikuwa analala chini ya meza yangu ya chapati. Akikojoa naanika godoro juu ya bati watu wote waone. Mkokoteni wa kwanza aliobebea marumaru nilimnunulia mie, niliuza cherehani yangu. Mwulize."

Mwenzangu alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe bosi una mwajiri wako," akasema.

Nilicheka pia. Mtu mzima anajua kucheka. Lakini usiku ule nikawa naona siku nane za namna hiyo: dada mezani na matajiri wenzangu, kanga kichwani, anawaeleza habari za godoro. Anafungua kontena la chapati ndani ya hoteli. Anamshika mhudumu mkono na kumwuliza kama ameoa. Siku ya tatu nikaenda Kipawa, nikakaa kwenye kibao barazani, nikamwambia viza imekataliwa.

"Imekataliwa kwa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikatazama mbele yangu, nikaona mkono wake unageuza chapati. "Vidole," nikasema. "Wanasema alama zako hazisomeki vizuri. Wazungu hawataki mtu asiyesomeka."

Wala sikuwa nimeomba viza yoyote. Fomu zake zilikuwa kwenye dashibodi ya gari, nje pale pale.

Dada akaikunjua mikono yake akaitazama, upande huu na upande huu, kama mtu anayetazama kitu alichouziwa. Kisha akasema, "Pole, mdogo wangu. Na wewe ulivyohangaika." Akanifungia chapati nne niende nazo nyumbani. Chapati zile zilikuwa za moto na nilizila ndani ya gari, zote nne, nikiwa nimeegesha pembeni ya barabara ya Nyerere. Mke wangu nilimpa habari ile ile ya vidole, akasema basi na yeye atangoja zamu yake. Nafasi ya pili nikaiacha ipotee.

Lisbon nilifika. Siwezi kuudharau mji ule. Umekaa juu ya vilima, na barabara zake zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vidogo kama ubao wa drafti, vimesuguliwa na nyayo mpaka vinateleza. Nyumba zao zimevalishwa marumaru kwa nje, ukutani, kuanzia chini mpaka juu, za bluu na nyeupe, nyingine zina picha za watu na meli na mashamba. Nilisimama mbele ya ukuta mmoja nikasahau kutembea. Kazi ya watu waliokufa zamani, na mistari bado imenyooka. Ndani ya kanisa moja kubwa nilitoa sarafu nikagonga ukuta ili nisikilize. Mlinzi akaja mbio akanitikisia kidole. Nikamwambia mwenzangu wa Kariakoo amwambie kwamba marumaru ya tatu kutoka mlangoni ina uwazi chini, itadondoka. Akakataa kutafsiri.

Tulipanda katreni kao ka njano ka umeme, kanapita kwenye vichochoro vyembamba hata ungeweza kunyoosha mkono ukaanua nguo za mtu kwenye kamba. Tulipanda ngome ya kale tukauona mto wao, mpana kama bahari. Tulipelekwa kula. Pweza wanamchoma na viazi, samaki wanachoma nje barabarani moshi unapanda, na wana samaki wao mkavu wa chumvi ambaye ni ng'onda kabisa, ng'onda wa soko la Feri, isipokuwa wao wanamwandika kwenye menyu na kumwekea kitambaa cheupe. Kuna vikeki vidogo vya mayai na maziwa, juu vimeungua kidogo, unavila vya moto vimenyunyiziwa mdalasini. Nilikula sita. Na kila nilichoweka mdomoni nilisikia angesema nini. Pweza: "Hajapigwa akalainika huyu, wamemwonea huruma." Ng'onda: "Tumevuka bahari kuja kula ng'onda?" Kwenye basi la kampuni kila mtu alikuwa na mtu wake. Pembeni yangu kiti kilikuwa wazi siku zote nane, nikawa naweka kofia.

Jioni moja wakatupeleka kusikiliza muziki wao, wanauita fado. Chumba kidogo, meza zimebanana, taa hafifu. Wapigaji wawili wa magitaa wakakaa, akatoka mwanamke mnene, umri wa dada, shela jeusi mabegani. Akafumba macho, akashika pindo za shela kwa vidole, akaanza.

Sikuelewa hata neno moja. Lakini niseme nini, ile ni taarabu. Ni malalamiko yale yale, na ile kuivuta sauti mpaka mwisho kisha kuiachia. Dada akiwa anakanda unga huimba hivyo, macho amefumba. Na sisi watu wa pwani, wimbo ukikugusa hukai kwenye kiti. Unainuka na noti yako mkononi, unakwenda taratibu kwa madaha, unamtunza mwimbaji, na kila mtu ukumbini anaelewa kwamba moyoni una mtu unayemtunzia. Nimefanya hivyo tangu ujana wangu. Mwili ulinyanyuka wenyewe.

Nikapita katikati ya meza nimeinua noti juu, mabega yanacheza. Nilipofika nusu ya njia ndipo nikaona mimi peke yangu nimesimama. Kumbe kule akiimba mtu hakuna hata anayegusa kijiko. Mzungu mmoja akanifyonya. Mhudumu akaja kunishika kiwiko. Nikasikia mwenzangu wa Kariakoo nyuma akisema kwa Kiswahili, "Kaa chini, unatuaibisha." Lakini nilikuwa nimeshafika mbele yake, noti iko hewani, na sikujua namna ya kurudi.

Yule mama akafumbua macho. Noti hakuichukua. Aliukunja mkono wangu ukawa ngumi, akaushika kwa mikono yake miwili, akaendelea kuimba akiwa amenishika hivyo mpaka ubeti ukaisha. Watu wakapiga makofi. Akaniuliza kitu, na mwenzangu akalazimika kuja kutafsiri, uso umemwiva kwa aibu.

"Anauliza wimbo wake umekukumbusha nani."

"Mwambie dada yangu."

"Yule mama wa dukani?" Sasa aliniuliza yeye mwenyewe. "Hivi kwa nini hukuja naye? Si ulikuwa na nafasi mbili?"

"Viza ilimkataa," nikasema.

Nilirudi mezani nikakaa. Nilimwacha dada nyumbani ili asinitie aibu, na aibu nimekwenda kuifanya mimi, kwa miguu yangu, mbele ya kila mtu. Ile noti nilirudi nayo hotelini na ngumi yangu imelowa jasho.

Jumapili baada ya kurudi, dada aliita majirani wanawake, akapika pilau, akatandika mikeka, niwasimulie safari. Ni kawaida ya pale kwao: aliyekwenda mbali hana budi kusimulia, la sivyo ataambiwa anaringa. Mie kusimulia najua. Niliwapa vilima, nikawapa treni, pweza asiyepigwa na ng'onda kwenye kitambaa cheupe. Niliwapa na ile ya kutunza, maana nilijua itachekesha, na dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hee, na ulikuwa unamtunzia nani huko kwa Wazungu?" akauliza jirani mmoja.

"Dada yangu."

"Mwongo huyu," dada akasema, amefurahi. Akawaambia wenzake, "Na mie ningekuwepo, basi tu hivi vidole." Akavionyesha. Wanawake wakaguna kwa huruma, mmoja akasema hata yeye laini ya simu ilimsumbua kuisajili kwa kidole, mwingine akataja mafuta ya nazi.

Hapo ndipo nilipoona kule kwenye jiko. Kando ya chuma cha chapati palikuwa na kijiko kikubwa cha bati. Dada alikuwa ameacha kugeuza kwa mkono. Nikala pilau yangu, nikaaga.

Nilikaa na jambo hilo miezi mitatu. Nikipita Kipawa nakuta wateja wananung'unika kwamba chapati siku hizi zinachanika, na dada anawajibu wavumilie, yuko kwenye matibabu. Alikuwa anavipaka vidole mafuta ya nazi na kulala amevaa soksi mikononi. Mara mbili nilishuka kwenye gari nimekusudia kumwambia, na mara mbili nikaishia kununua chapati. Mie niliyezoea kusimama mbele ya watu wa forodha bila kutetemeka.

Kisha asubuhi moja akaja Mbweni, peke yake, safari yote ile kutoka Kipawa, na pasipoti ndani ya kanga. Mke wangu alimkaribisha sebuleni. Nilimwamkia shikamoo, hata marahaba alisahau.

"Vimesoma," alisema. "Jana nimekwenda kwa wakala wa simu pale sokoni, nikamwambia jaribu vyote. Vyote kumi, mara ya kwanza tu. Sasa mdogo wangu waombe tena wale watu. Safari hii hawana la kusema."

Alikuwa amevinyoosha vidole mbele yangu, vinang'aa mafuta. Mke wangu alikuwa anatabasamu.

"Dada," nikasema, "viza hawakukunyima."

"Wamebadilisha mawazo?"

"Sikukuombea. Fomu zako sikuzipeleka."

Alishusha mikono taratibu. "Nimelala na soksi mikononi miezi mitatu," akasema, kama anajikumbusha mwenyewe. "Kwa nini?"

"Siku ile dukani. Ule mkokoteni. Na godoro."

"Nilisema uongo?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Nilitazama sakafu, ile inayosifiwa. "Nilikuonea haya."

"Mie nimekuogesha wewe," dada akasema. "Nimekutoa kamasi kwa kanga yangu. Sikuona haya." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningepata pa kushika.

Mke wangu alihama kiti, akaenda kukaa upande wa dada. Wakawa wawili kule na mimi huku, dada akaifunga upya pasipoti yake kwenye kanga.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini sitaki kwenda na wewe. Nitakwenda na wifi yangu. Kila ulichotusimulia nitakiona kwa macho yangu, nijue nacho kama ulisema kweli."

"Sawa, dada. Nitagharamia kila kitu."

"Hilo sijakuuliza. Nauliza chapati. Wateja wangu siwezi kuwaacha siku nane wanywe chai kavu. Utapika wewe. Si unasema ulianza na mikono yako miwili? Basi ilete Kipawa."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Haikuwa. Nilifuatilia viza zao mwenyewe, safari hii fomu nilizipeleka kwa mikono miwili, na dada alipoweka vidole kwenye mashine vilisoma. Siku ya kuondoka niliwasindikiza uwanja wa ndege. Dada alikuwa na begi lake la magurudumu na kontena la chapati kwenye mkoba. Alinifundisha kukanda wiki nzima kabla, na kijiko cha bati alikuwa amekigawa kwa jirani.

Leo ni siku ya nne. Naandika mchana, kazi ya asubuhi ikiwa imekwisha, kwa herufi kubwa kwa sababu kalamu naishika kwa shida. Chapati zangu ni nene na mbili za kwanza kila siku huungua. Jana mwenzangu wa Kariakoo alipita, nadhani mke wangu ndiye aliyempa habari, akasimama kwenye foleni na miwani yake. "Bosi," akasema, "nipe mbili, na unieleze ulivyoanza."

"Nilianza hapa," nikamwambia. "Chini ya meza hii. Mkokoteni alininunulia dada." Hakucheka kama nilivyotegemea. Alikula amesimama.

Asubuhi ya leo ndege ilikuwa inapita juu, vikombe vinagongana, na simu ikalia mlio wa ujumbe. Nikalifuta gumba kwenye aproni, nikaigusa simu ifunguke. Ikagoma. Nikajaribu kidole kingine, na kingine. Vyote vimebabuka, havisomi. Nikaandika namba za siri, nikaiweka sikioni.

Ilikuwa sauti ya dada, nyuma yake magitaa. "Mwimbaji wako tumemwona," alisema. "Nimekaa kimya kama wenzangu, nimesubiri amalize, ndipo nikaenda kumtunza. Kaipokea, kanikumbatia. Pweza wao kweli hajapigwa." Kisha magitaa yakabaki peke yake, nikadhani ujumbe umekwisha. "Na vidole vyako vinaendeleaje?"

Simu nikaitia mfukoni. Palikuwa na watu watano kwenye foleni, na chapati iliyokuwa kwenye chuma ilikuwa inataka kugeuzwa.